Nukta ya Mwenyekiti

Winfrida alimwonya mapema, tena mbele ya watu. "Mzee Ebenezeri, ukinakili mipangilio ya redio yako kwenye redio zote, unanakili na jina lako la hewani. Kwenye ramani tutaonekana mtu mmoja."

Ebenezeri, mwenyekiti wa kikundi chao cha redio za ridhaa, alicheka. "Mama Elinipendo, wewe shughulikia chai. Jina langu linatosha kwa wote."

Sasa ilikuwa siku yenyewe ya mbio za hisani walizokuwa wakizisimamia kwa redio, ukungu umeshuka juu ya Kibosho, na kwenye hema lao chini mtaani Soweto kompyuta ilionyesha nukta moja tu. Mara ilikuwa Kibosho, mara Soweto, mara Machame, kama nzi kwenye ndizi mbivu. Redio zote za njiani zilituma mahali zilipo kwa jina la Ebenezeri.

Na Elinipendo, binti yake Winfrida, alikuwa amepotea. Mkimbiaji mmoja aliteguka mguu karibu na kituo cha njiani alichopangiwa. Elinipendo akajaribu kumshusha kwa njia ya mkato, wakaishia korongoni. Simu haikushika. Redio tu ndiyo iliyofika, kupitia ripita, mtambo wa mlimani unaopokea sauti na kuirusha mbali.

"Mama, huyu dada anatetemeka. Mvua imeanza. Sijui tuko wapi."

"Kaeni hapo hapo. Msisogee!"

Winfrida akamgeukia Mwenyekiti. "Mtoto wangu yuko wapi?"

"Si huyo hapo?" Ebenezeri alinyoosha kidole. Nukta ikaruka.

"Huyo ni wewe! Na yule wa Machame ni wewe! Uko msituni unanyeshewa, na uko hapa unakunywa soda!"

"Tusipandishiane sauti, mama. Masafa niliyaweka sawa, mlio wa kufungulia ripita upo, watu wanaongea. Hayo ya ramani ni mapambo."

"Mapambo!" Winfrida alinyakua kipaza sauti cha redio ya mezani, ile isiyotuma mahali ilipo. "Vituo vyote, zimeni redio. Zimeni kabisa! Elinipendo, ya kwako iache."

Wakajibu mmoja mmoja, wakazima. Nukta ikaacha kwenda Machame. Lakini bado iliruka kati ya Kibosho na Soweto. Winfrida akatazama kiuno cha Mwenyekiti.

"Na hiyo."

"Mwenyekiti hawezi kutoka hewani."

Winfrida aliichomoa redio mkandani mwake, akang'oa betri, akaitumbukiza kwenye pochi yake.

Nukta ikatulia kando ya mfongo, ule mfereji unaomwagilia vihamba, mashamba ya migomba ya chini ya msitu. Akampigia simu Fabian, aliyekuwa barabarani na pikipiki.

"Fuata mfongo wa ukoo wa kina Primus mpaka pale unapoingia msituni."

"Napajua, shangazi. Naenda."

Fabian alipowaleta wote wawili Soweto, Elinipendo alikuwa tope mpaka masikioni. "Shikamoo, Mzee Ebenezeri," alisema, meno yakigongana. Mzee akaitikia huku akitazama viatu vyake.

Winfrida alimfunika binti yake kitenge, akampa chai. Kisha akachomeka waya kwenye kompyuta, akaanza kuiandikia kila redio jina lake la hewani, moja baada ya nyingine.

"Na betri yangu?" Ebenezeri aliuliza.

"Panga foleni," alisema Winfrida. "Redio yako naiandika ya mwisho."