Mtani wa Munga

Munga alikufa Jumanne, na kabla hajazikwa walikuwa wameshamfanya mtunzi. Nilisikia redioni nikiwa nasonga ugali. Mtangazaji alisema Pwani imempoteza mtunzi wa "Nikukute Umelala", kisha akaupiga wimbo wenyewe, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu, sauti ya zamani, kabla koo halijaharibiwa na vumbi la Taveta na moshi wa kumbi za harusi. Mwiko niliutupa kwenye sinki.

Wimbo ule niliutunga mimi. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda nyuma ya jiko la hoteli moja Shanzu, nakamua maziwa yangu kwenye chupa, kwa sababu binti yangu Nyamvula alikuwa mchanga na nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu Ziwa la Ng'ombe. Maziwa yaliharibika kwa joto. Wimbo haukuharibika. Munga alikuwa mpiga kinanda wa bendi yetu na mwenye gari. Gari lilikuwa lake, kwa hiyo jina kwenye kanda likawa lake.

Nilizunguka naye miaka kumi na moja. Lamu, Voi, Garissa, Watamu. Nimewaimbia watalii waliokuwa wanabishana kuhusu samaki wao. Nimeimba harusini Jomvu Kuu nikiwa na malaria, leso imelowa jasho mpaka naikamua kati ya wimbo na wimbo. Nimelala juu ya spika ndani ya lori, kwa sababu ukilala kando yake unaamka haipo. Kisha nikaachana naye, nikanunua spika zangu, nikapanga safari zangu mwenyewe, na nimeendelea hivyo mpaka mwaka jana, goti lilipokataa ngazi za jukwaa. Watu huniuliza kama safari zilikuwa tamu. Zilikuwa kazi. Sikuudhiwa na safari. Kilichoniudhi ni kwamba katika kila mji niliofika, mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma kabisa: "Mama, tuimbie ule wa Munga!"

Na mtu asije akaniambia kwamba nilinyamaza. Nilisema redioni, nilisema kanisani, nilisema mbele ya Munga mwenyewe. Shida ni kwamba ukoo wetu na ukoo wake ni watani. Mtani wako unaweza kumwita mwizi wa mbuzi mbele ya mchungaji, naye akakuita mchawi mwenye meno ya panya, mkaenda kula sahani moja. Kwa hiyo kila niliposema, "Munga ameniibia wimbo," watu walishika mbavu. Munga alicheka kuliko wote. "Mtani wangu Kafedha ana maneno!" alikuwa akisema, na dai langu likaishia hapo.

Siku ya pili ya matanga Nyamvula alikuja kwangu Kisauni akiwa amenuna. Yeye pia ni mwimbaji, na alikuwa anajiandaa kuurekodi wimbo ule upya.

"Mama, shikamoo. Wameniomba niimbe mazikoni."

"Marahaba. Uimbe nini?"

"Unajua nini."

"Na wewe ukawajibu vipi?"

"Nikasema nitafikiria. Halafu Tinga, yule mwana wa Munga, akaniambia nikitaka kuurekodi nipeleke ombi kwa familia. Ati ni wimbo wa baba yake." Akavua viatu kwa nguvu. "Na msalaba umeshaandikwa. Nimeuona kwa fundi. Mtunzi wa 'Nikukute Umelala'. Juu ya saruji, Mama. Ukisimamishwa pale, nani ataenda kuuliza tena?"

"Nitauliza mimi."

"Utaambiwa ni utani."

"Vaa viatu vyako ukanisaidie kutafuta leso nyeusi."

Tulizika Mwakirunge, kwenye shamba la kwao. Viti vya plastiki, mahema mawili, kwaya ya kanisa, mchungaji mwenye koti zito kwenye joto lile. Kombe, kaka yake Munga, ndiye aliyesimamia kila kitu. Msalaba mweupe ulikuwa umelazwa kando ya shimo ukisubiri, maandishi meusi yakinitazama.

Mazikoni mtani ana haki yake. Anaruhusiwa kukaa kwenye ukingo wa kaburi akakataa kuondoka, na jeneza haliteremki mpaka familia imtoe kwa zawadi. Nilienda nikakaa. Goti lililia lakini nilikaa, miguu ikining'inia ndani ya shimo.

"Haingii mtu hapa!" nikasema.

Watu wakafurahi, wakasogeza viti.

Nikamwigiza Munga. Nikapiga kinanda hewani kwa vidole viwili, maana ndivyo alivyopiga, na tumbo mbele. "Mimi ni Munga! Nimetunga nyimbo kumi! Ya kwanza nimeitunga kwa kumnyang'anya Kafedha, ya pili nimeitunga kwa kumnyang'anya Kafedha, ya tatu siikumbuki kwa sababu Kafedha hajaitunga bado!"

Walicheka mpaka mchungaji akafuta macho. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Kombe mwenyewe alikuwa akitikisika mabega.

"Futeni msalaba!" nikapiga kelele. "Mwizi hazikwi na mali ya watu!"

"Mtani huyo! Mwongezeni!" wakajibu.

Kombe akaja na kuku mweusi amefungwa miguu. "Chukua kitu chako, mtani wetu. Umetuchekesha, Mungu akubariki. Sasa tuachie njia."

Nikamtazama yule kuku. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilikuwa nimelishika kaburi zima, na kila neno langu walilitafuna kama kashata. Nikipokea kuku, mchezo umeisha na msalaba unasimama. Nisipopokea, wataleta mbuzi.

"Mrudishe," nikasema.

"Hatoshi! Hatoshi!" watu wakaimba.

"Kombe, nisikilize. Natoka katika utani."

Bibi mmoja wa upande wetu akashika kichwa. "Jamani! Usiseme hivyo, mwanangu. Msiba huu!"

"Nimesema. Leo mimi si mtani wa Munga. Ni Kafedha, mama yake Nyamvula. Wimbo ule nilimtungia binti yangu huyu hapa, nikiwa mbali naye, maziwa yananimwagikia kwenye blauzi. Munga alikuwa nje anaosha gari. Akauandikia jina lake. Nimelisema jambo hili nusu ya maisha yangu na nyinyi mmecheka. Chekeni sasa."

Hakuna aliyecheka.

Kombe akamweka kuku chini polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kama wewe si mtani," akasema, "basi ni mwanamke aliyekaa kwenye kaburi la ndugu yangu anamtukana. Vijana, mwondoeni."

Na alikuwa na haki. Vijana wawili wakanishika makwapa. Nikawaambia wasiniguse, nitasimama mwenyewe, nikasimama, udongo umenijaa kwenye gauni, na Nyamvula akanishika mkono. Tulikuwa tumeshapita hema la kwanza tuliposikia sauti nyuma yetu.

"Mwacheni kwanza."

Alikuwa Judy, mjane wa Munga, amekaa chini kwenye mkeka karibu na jeneza.

"Shemeji, tulia," Kombe akamwambia. "Haya tutayamaliza nyumbani."

"Tinga alipokuwa mdogo alikuwa halali usiku," Judy akasema. Hakumtazama Kombe, alikuwa akinitazama mimi. "Nikamwambia Munga, mwimbie wimbo wako basi, ule wa watoto. Akasema ameusahau. Nikamwomba na siku nyingine. Akanigombeza. Nikajiuliza, mtu anausahauje wimbo wake wakati mimi niliyeusikia redioni ninaujua wote?" Akavuta kamasi. "Nilijiuliza kisha nikaacha, maana ni mume wangu. Kombe, futeni yale maandishi."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Si mbele ya watu mmeyaleta?"

Tinga aliondoka akaenda kusimama peke yake kwenye mihogo. Kombe alimtazama mchungaji, mchungaji akatazama viatu vyake. Mwishowe Kombe akamwita fundi wa msalaba, ambaye alikuwa amekaa zake kivulini, na fundi akaenda kwenye pikipiki yake akarudi na kopo la rangi nyeupe.

"Mama Nyamvula," Judy akasema, "wimbo wako tumeurudisha. Sasa mwimbie. Azikwe kwa amani."

"Hapana."

Watu wakaguna. "Wewe mwanamke ni mgumu," Judy akasema.

"Ndiyo. Pole kwa msiba, Judy, kwa dhati kabisa. Lakini huyu simwimbii."

Kwaya ikaanza wimbo wa kitabuni, nusu nusu, kila mtu na sauti yake. Nyamvula aliniuma sikio twende, jua kali, watu wanatutazama. Sikwenda. Nilirudi mpaka ulipolala msalaba, nikamsimamia fundi. Alikuwa ameshapaka mara moja na anafunga kopo, na herufi bado zilikuwa zinaonekana kwa chini.

"Paka tena," nikamwambia.