Sifuri za Tabata

Usiku wa jana niliota naendesha Gari la Wastani. Mchana kazi yangu ndiyo hiyo: tunafunga vifaa kwenye magari ya watu, vinaandika mwendo kila sekunde, halafu mimi natengeneza gari moja la kwenye karatasi linalokwenda kama Dar es Salaam nzima, ili tujue jiji linatoa moshi kiasi gani. Ripoti yangu ilikuwa tayari na moshi ulikuwa kidogo. Nilikuwa nimejisifu sana.

Gari lilikuwa na abiria wawili na nusu. Yule nusu alilalamika kwamba hana pa kuweka mguu. Nikamwambia avumilie, ndivyo hesabu ilivyotoka.

Tunafika makutano ya Tabata. Mke wangu Mwajabu yuko kando ya barabara, ameshika kifua, anakohoa. Ananipungia mkono nimpeleke hospitali. Nakanyaga breki, gari halisimami. Nazunguka, nampita tena. Mara ya tatu barabara imekuwa korido ya ofisini kwetu na Mwajabu yuko pale pale, sasa ameinama.

"Baba Shani, simama," anasema.

Nikakiuliza kifaa kilichokuwa chini ya usukani kwa nini breki hazishiki. Kikajibu kwa upole wa karani kwamba hili gari halijui kusimama; sehemu zote za kusimama nilizifuta mwenyewe, Jumanne, kabla ya chai.

Kweli nilizifuta. Kila sekunde yenye mwendo sifuri niliiona ni kasoro ya kifaa, maana gari gani lisimame dakika arobaini katikati ya njia? Nikasahau trafiki anavyozuia magari ili msafara upite, na injini zote zinaunguruma. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Sifuri zenyewe zilikuwa zimekaa chini kando ya ukuta wa korido, elfu mbili na mia nne, kila moja imeziba pua kwa kitambaa.

"Shikamoo," zikasema.

"Marahaba. Naomba mrudi ndani, mke wangu anakata roho."

"Tukirudi, tunarudi na moshi wetu. Ripoti yako itaharibika."

"Iharibike."

Zikaingia moja moja, bila haraka, yule nusu akizipisha. Gari linasimama. Moshi unapanda mpaka madirishani, simwoni mtu. Nafungua mlango na kuita. Sijui kama Mwajabu aliingia, kwa sababu hapo hapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mwajabu amelala upande wake wa kitanda, anapumua taratibu. Alipanda kitandani peku, nilimwona mwenyewe. Lakini shuka lilipofunuka niliona amevaa viatu vyake vya kutokea, na soli zina masizi.

Sikumwamsha. Niliwasha kompyuta, nikaanza kurudisha sifuri.