Kitufe cha Kufuta Kumbukumbu

Kwa miaka mitatu Mwalimu Rahma Shekiondo wa Mlola alipanda na kushuka milima akiwarekodi wazee wakisimulia kwa Kishambaa: namna ya kuchimba mifereji, majina ya miti, nyimbo za unyago. Sauti mia na arobaini alizihifadhi kwenye tovuti aliyotengenezewa na Danieli, rafiki yake tangu chuo cha ualimu. Danieli ndiye aliyeitafsiri mipangilio yote kwa Kiswahili.

Mwezi wa nne tovuti ikawa nzito. Rahma akaingia kwenye mipangilio, akakuta kitufe kimeandikwa "Futa kumbukumbu". Akasita, akampigia Danieli.

"Hizi kumbukumbu ni zipi? Isije ikawa sauti za wazee."

"Hapana, dada. Ni takataka tu zinazojilimbikiza. Bonyeza."

Akabonyeza. Ukurasa wa sauti ukabaki mtupu.

Danieli alisema ataangalia, kisha akaacha kupokea simu. Walikutana Jumamosi Lushoto mjini, kwenye kikao cha kamati ya utamaduni. Danieli akasimama mbele ya watu kumi na wawili.

"Mwalimu alifuta mwenyewe," alisema. "Mimi hata sikuwepo."

Kabla Rahma hajafungua mdomo, Jenipher, katibu wa kwaya ya Rangwi, akainua mkono.

"Mbona na sisi tulipoteza nyimbo zetu mwaka jana kwa kitufe hichohicho kwenye tovuti uliyotutengenezea? Danieli, si uliahidi kulibadilisha lile jina, kiandikwe wazi kuwa kinafuta sauti zote?"

Danieli akainama, akaanza kukunja karatasi yake.

Nje, alimfuata Rahma mpaka barabarani.

"Nilidhani kwako nilisharekebisha, dada. Haki ya Mungu."

"Hilo ningekusamehe. Lakini nilikuuliza, Danieli, nawe ukanijibu. Leo unasema hukuwepo?"

"Ningekiri mle ndani, nani angenipa kazi tena?"

"Kwa hiyo ukanitoa mimi kafara."

Rahma akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote.

Kesho yake alikwenda kumpa habari Fatuma, binti wa marehemu Mzee Idrisa, aliyekuwa akifungua tovuti kila Ijumaa amsikilize baba yake.

"Hata ile ya mifereji?" Fatuma aliuliza.

"Hata hiyo."

Fatuma aliendelea kumenya viazi. Akasema taratibu, "Pale katikati alikuwa anakohoa, halafu anacheka."

Wiki iliyofuata Rahma alimwondoa Danieli kwenye tovuti, akapanda mpaka Kwai kwa Bi Mwajuma, mmoja wa wazee aliokuwa amewarekodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya si nilishakueleza, mwanangu?"

"Ulinieleza, bibi. Naomba unieleze tena."

Bi Mwajuma akavuta kanga, akafikiri. Mara ya kwanza alikuwa amesimulia saa nzima. Safari hii alifika dakika kumi na tano, akasema mengine yamempotea.