Dalali wa Mtaa wa Kota

Mtu akitaka kujua uzuri wa mtaa wa zamani, amtafute dalali anayeuza nyumba pale. Akitaka kujua ubaya wake, amtafute dalali huyohuyo siku anapotaka mwenye nyumba ahame. Biharamulo mjini kazi hizo mbili zilifanywa na mtu mmoja, Pancras, na alizifanya kwa bidii ambayo, kama angeipeleka kijijini Nyarubungo kwenye shamba aliloachiwa na babu yake, leo wilaya nzima ingekuwa inanunua mahindi kwake.

Mtaa wenyewe unaitwa Kota. Ulianza miaka ya mwanzo ya uhuru, makarani, matarishi na madereva wa serikali walipogawiwa viwanja. Kila mmoja alifyatua matofali, akayachoma, akajenga kuta nene, akapanda mparachichi mbele na migomba nyuma, kisha akazaa watoto na kusahau kuhama. Miaka ile ya wakimbizi, wageni wa mashirika ya misaada walipanga Kota mpaka kwenye mabanda ya kuku, na walipoondoka walituachia bei zao. Tangu hapo Kota inatafutwa kwa tochi. Maji yanatoka, kanisa liko upande huu na msikiti upande ule, kivuli kipo, na ukikohoa vibaya jirani anakuja kuuliza.

Mbele ya wanunuzi, Pancras aliipamba Kota kama bibi harusi. Aliwaonyesha unene wa kuta kwa kuzipiga ngumi, akasahau kusema kwamba ngumi iliuma. Historia aliipika asubuhi na kuiuza ikiwa bado ya moto: Mjerumani wa bomani alizunguka nchi yote akitafuta hewa safi, akaipata Kota; na gavana mmoja, ambaye jina lake lilibadilika kulingana na umri wa mnunuzi, alilia siku anaondoka. Wale waliokuwa wakifikiria viwanja vipya aliwaangalia kwa huruma na kuwaambia usiache mbachao kwa msala upitao.

Jioni alirudi nyumbani, na nyumbani palikuwa Kota hiyohiyo. Alikaa kwa mama yake, Tecla, mjane wa dereva Jovitus, katika vyumba viwili vya uani. Alikaa pale kwa muda tu, na muda huo ulikuwa umeanza kabla simu za mkononi hazijafika wilayani. Mkewe alichoka kusubiri uishe, akarudi kwao.

Msishangae lakini. Pancras alikuwa na ndoto. Alikuwa na kiwanja kwenye viwanja vipya vya barabara ya Nyakahura, kimepimwa, kina bikoni nne na msingi mmoja ambao mbuzi wa watu walikuwa wakilala juu yake. Juu ya msingi huo aliona ghorofa. Ili ghorofa iote ilibidi nyumba ya mama iuzwe, na ili nyumba iuzwe ilibidi mama aichukie. Basi akiwa mezani kwa mama yake, akila ndizi za migomba ileile aliyoisifia mchana, alisema Kota imechakaa. Kuta zimepasuka. Mparachichi utaangukia bati. Mtu mwenye maendeleo hawezi kuishi katikati ya wazee wanaochungulia sufuria za wenzao. Huko kwenye viwanja vipya mama angepata chumba cha marumaru na choo cha ndani. Kipya kinyemi, alisema, akaiacha methali hapo, maana mwisho wake una kidonda.

Tecla alimsikiliza, akamwongezea mchuzi, na kumuuliza swali moja. Akihama, Jovina atamwacha na nani?

Jovina, au Mama Suzan kama mtaa unavyomwita, ndiye jirani wa upande wa jua linakochomoza. Waume zao walijenga mwaka mmoja. Wake waliazimana moto, chumvi, kanga za msibani na hata watoto, kwani Tecla alipolazwa miezi mitatu kule hospitali ya misheni, Pancras alilala na kula kwa Jovina pamoja na Suzan. Hapo ndipo dalali wetu alipoelewa kuwa nyumba ya mama yake haikusimama juu ya mawe. Ilisimama juu ya Jovina. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alianza kuchimba.

Kipindi cha Kwaresima Tecla aliugua. Siku moja Pancras aliingia amekunja uso, akakaa, akaguna, akakataa kusema, akabembelezwa, na mwisho akasema kwa shingo upande. Amesikia kwamba Mama Suzan, kwenye sala za jumuiya, amesema afadhali Mungu amchukue Tecla apumzike, maana amewachosha watu. Tecla aligeukia ukutani. Jovina alipokuja kumwona mgonjwa alimkuta Pancras amesimama mlangoni kama askari wa benki, akaambiwa mama amelala. Alipokuja tena alinong'onezwa kwamba siku hizi mama amebadilika, hataki watu, hasa wale wa zamani. Jovina alimwachia uji wake, akaondoka. Uji huo aliunywa Pancras, na ulikuwa mtamu.

Miezi ikapita. Siku moja, bila kumtazama mwanawe machoni, Tecla alisema neno moja, "Uza." Pancras alifurahi hata akasahau kujifanya ana huzuni.

Mnunuzi alipatikana haraka. Alikuwa Kwizera, bwana shamba mstaafu, mzaliwa wa Kirushya kule Ngara, mtu asiyependa maneno, ambaye aligusa udongo kwanza kabla ya kugusa mlango. Maneno aliyaacha kwa mkewe, Keza. Hao walikuwa wamejenga nyumba mpya Ngara, yenye ukuta mrefu na mbwa wakali, katikati ya wenzao wenye ukuta mrefu na mbwa wakali. Siku moja Keza aliteleza uani akavunjika mguu, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Majirani waliporudi kutoka kazini walimpa pole kwa simu.

"Nyumba hata mimi nimejenga," Keza alimwambia Pancras. "Hapa nimekuja kununua majirani."

Pancras alimhakikishia kwamba majirani wapo, wa daraja la kwanza. Kisha, kwa kuwa ulimi wa dalali hauna breki, akatafuta mfano, na mfano mzuri kuliko wote mjini ulikuwa nyumbani kwake. Akasimulia juu ya mama yake na Mama Suzan, wanavyokula chungu kimoja, wasivyojua chumvi ya nani iko kwa nani, na kwamba atakayeinunua nyumba ile ataurithi undugu ule pamoja na mabati. Alisimulia vizuri sana. Keza alifuta machozi, na Kwizera akauliza mauziano ni lini.

Sasa, Kota ina utaratibu wake, na hata dalali haupindi. Nyumba haiuzwi mpaka mwenyekiti wa mtaa, muuzaji, mnunuzi na majirani wa mipaka watembee pamoja kuzunguka kiwanja, kila jirani asimame kwenye mpaka wake na kusema hana pingamizi. Pancras alijaribu kuchagua siku ambayo Jovina angekuwa kliniki. Mwenyekiti, mzee Elick, alimjibu kwamba basi watasubiri atoke kliniki. Ndumilakuwili wetu alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa siku ambayo masikio yote yangekaa mahali pamoja.

Siku ilipofika walisalimiana kwa adabu. Keza alimpa Tecla shikamoo ya kupiga magoti, Tecla akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Jovina alifika wa mwisho, amevaa kanga ya kanisani, akasimama mbali. Wale wanawake wawili hawakutazamana. Pancras alitangulia mbele akizungumza mfululizo juu ya hewa, kivuli na yule gavana, ili mtu mwingine asipate nafasi ya kufungua mdomo.

Upande wa magharibi ulipita salama. Kusini kukapita. Walipofika kwenye mpaka wa Jovina, ambao ni mstari wa milamula, ile miti ya kuwekea mipaka, iliyopandwa na waume zao marehemu, Keza alisimama. Katikati ya milamula palikuwa na uwazi wa kupita mtu, na kwenye uwazi mawe bapa yamepangwa ili miguu isikanyage matope. Juu ya mawe majani yalikuwa yameota mpaka magotini.

Keza alisema hapa palikuwa na njia. Pancras akasema ni njia ya kuku tu.

"Kuku wa huku wanapanga mawe?" Keza aliuliza.

Mzee Elick alicheka peke yake. Tecla alitazama vidole vya miguu yake. Jovina alitazama bati la nyumba kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Kwizera, bwana shamba wa miaka mingi, aliinama, akang'oa shina moja, akalitazama mzizi, na kusema taratibu kwamba majani haya hayana mwaka.

Keza aliwageukia wale wanawake. Akawaambia kwa upole kwamba yeye ameambiwa wanakula chungu kimoja, na kwa ajili hiyo ndiyo amekuja kutoka Ngara. Sasa chungu kimevunjika lini?

Pancras alitoa simu akaiweka sikioni. Haikuwa imeita.

"Tangu Kwalesima, mama," alisema Jovina, ambaye kwake l na r ni ndugu. "Nilikuja mala mbili kumwona mgonjwa. Nikaambiwa hataki tena watu wa zamani."

Tecla aliinua uso. "Nani hakutaka? Mimi nililala pale nikisubiri nisikie hatua zako. Nikaambiwa umesema jumuiyani kwamba nimewachosha, Mungu anichukue."

Jovina alikaa chini, palepale kwenye mawe, na kanga yake ya kanisani. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba jumuiyani alimtaja Tecla katika kila sala, wiki baada ya wiki, mpaka wenzake wakamwomba awaachie na wagonjwa wao nafasi. Kisha akajifunika uso, na Tecla, ambaye mguu wake mbovu haukuwa umepiga magoti tangu augue, akapiga magoti kwenye majani na kumshika mikono.

Hakuna aliyeuliza maneno yale yalitoka kwa nani. Wote walimtazama Pancras, na aibu ikampanda mwilini ikamchoma masikio. Alisema alikuwa na nia njema. Alisema maendeleo. Alisema marumaru. Kila neno lilipotoka lilikuwa limeshakufa.

Tecla alipata kusimama kwa kumshikilia Jovina. Akamwambia mwanawe arudie yale aliyomsimulia huyu mama kuhusu Kota, yote, hapo mbele ya mwenyekiti. Pancras alisema hayana maana tena. Tecla akasema arudie.

Akarudia. Akaanza na kuta, akaenda kwenye maji, kanisa, msikiti, kivuli. Habari za gavana aliziruka. Jambo la ajabu ni kwamba, ukimtoa gavana na Mjerumani, hakukuwa na uongo ndani yake, na Pancras mwenyewe alilisikia hilo kwa mara ya kwanza maishani. Alipofika kwenye majirani aliinua macho. Mwanamke aliyemlisha uji akiwa mtoto alikuwa amesimama mbele yake na majani kwenye kanga, na hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu asiyemjua. Hilo lilimuuma kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa.

"Umefanya kazi yako vizuri," Tecla alisema. "Umeuza. Mnunuzi ni mimi. Nyumba naichukua, sihami."

Ilionekana wazi kwamba Keza amefurahi kwa ajili yao na amehuzunika kwa ajili yake mwenyewe, na hakujua aanze na lipi. Akauliza kama Kota kuna nyumba nyingine yoyote, hata mbovu. Mzee Elick akasema watu wa huku hawauzi, wanazikwa.

Tecla alifikiri kidogo. Akasema nyumba kubwa haiuzwi, lakini kule uani ana vyumba viwili vyenye mlango wake, mgeni anaweza kupanga wakati anatafuta, na kutafuta Kota huchukua muda, kwa hiyo asiwe na haraka. Kwizera, ambaye hakuwa amesema zaidi ya maneno ishirini tangu afike, aliuliza kama vyumba viko wazi.

"Vitakuwa wazi Jumamosi," Tecla alisema. "Anakaa dalali mmoja. Lakini yeye ameniambia mwaka mzima kwamba mtaa huu haumfai mtu mwenye maendeleo, nami nimechelewa kumsikia."

Pancras alisema, "Mama." Tecla alimtazama kwa muda mrefu. Ungeona kwamba anampenda, na ungeona kwamba hilo halitabadilisha Jumamosi.

Mzee Elick alikohoa. Kwa kuwa watu wameshakusanyika, alisema, na kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, anamuuliza jirani wa mpaka huu kama ana pingamizi lolote juu ya wapangaji hawa kuingia.

Jovina alikuwa ameshainama anang'oa majani. Akasema hana, ila huyo anayetoka apitishe godoro lake mlango wa mbele, mtaa wote umwone.