Mtaro Unaopita kwa Kaka

Tangu asubuhi Siafu hakutulia. Jina hilo alibandikwa na kaka yake walipokuwa watoto, kwa sababu hakuweza kukaa kitako hata wakati wa kula, na mpaka leo, mhandisi mzima mwenye ofisi na miwani, bado anakula amesimama. Alizunguka meza ya ramani, akachungulia dirishani, akarudi, akachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka. Wenzake walishamzoea, wakaendelea na kazi zao.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mashamba ya umwagiliaji katika bonde zima la mto yalikuwa yanaharibiwa na chumvi. Maji ya mto huja na chumvi kidogo. Jua likiyakausha maji, chumvi inabaki, na mwaka hadi mwaka udongo unageuka mweupe mpaka mbegu inakataa kuota. Dawa yake ni kuisuuza ardhi kwa maji mengi, kisha maji hayo yapate pa kutokea. Ulihitajika mtaro wa kuyatoa, na Siafu ndiye aliyepewa kuupanga.

Zilipatikana njia mbili tu. Ya kwanza ilipeleka maji ya chumvi kwenye bwawa la mbali lisilomfaa mtu yeyote, yakaukie huko. Ila ilipita katikati ya majaruba ya mpunga ya kaka yake na kumeza zaidi ya nusu. Ya pili ilimkwepa kaka, ikakata kona na kuyamwaga maji yale yale mtoni, juu kidogo ya watu wanaoishi upande wa chini wa mto.

"Zote zinapitika," mkuu wake alisema huku akipiga miayo. "Ya pili ni rahisi zaidi. Chagua wewe, upigilie vigingi leo, wachimbaji wanakuja kesho." Mkuu huyo alikuwa hodari wa kuwatwisha wengine dhambi zake.

Alifika kwa kaka na ramani mkononi, vibarua wakabaki garini. Wifi yake alimpokea sebuleni, akamsogezea kiti.

"Kaa basi, wifi, kiti hakiumi."

"Nimekaa sana garini."

"Mwongo wewe. Hata humo garini najua ulisimama."

Wakacheka, na kicheko kikamuuma Siafu kwa kuwa alijua alichokuja nacho.

Kaka akaingia kutoka shambani na miguu yake ya tope. Yeye ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, akamsuka nywele kwa vidole vyake vinene, vibaya kweli, mpaka darasa zima likamcheka. Aliitazama ramani bila haraka.

"Mstari huu umechorwa na nani?"

Njiani Siafu alikuwa ameshaandaa uongo wake: makao makuu. "Mimi," alisema.

"Na huu unaonipita pembeni?"

"Mimi pia."

"Basi tumemaliza. Weka huu." Akamgeukia mkewe. "Hebu tuletee chai."

"Huo unamwaga chumvi mtoni, kaka. Watu wa chini watakosa maji ya kunywa. Na mashamba yao yatakufa kama haya ya huku."

"Hao wa chini, unawajua?"

"Siwajui."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Mimi unanijua."

 Kwa mara ya kwanza siku hiyo Siafu alikaa kitini, na kukaa kwenyewe hakukumsaidia kitu. Hakuna ambaye angejua. Mkuu angefurahi, chai ingekuja, angeinywa. Watu wa chini wangeanza kuona weupe kwenye udongo baada ya miaka kadhaa, na wangelilaumu jua. Wazo hilo, kwamba wangelilaumu jua, ndilo lililomwinua.

"Fidia italipwa," alisema, akajichukia kwa kulitamka neno hilo.

"Nimekuuliza fidia?"

Alichukua nyundo na vigingi garini, akaingia shambani mwenyewe. Vibarua waliokuja naye, walipomwona kaka anamfuata nyuma, walipata shughuli ya ghafla upande wa pili wa gari. Siafu akapigilia kigingi kwenye tuta. Kaka akaking'oa, akakitupa. Siafu akakiokota, akapigilia pale pale. Kaka akaking'oa tena.  Machozi yalikuwa yanamtiririka Siafu, kamasi nazo, akainua nyundo mara ya tatu na kujigonga kidole, akapiga ukelele mdogo, lakini hakuacha mpaka kigingi kikasimama. Kaka alikishika. Alikishikilia kwa kitambo, kisha akakiachia.

"Leo usipite nyumbani," alisema.

"Na kesho, kaka?"

Alikuwa ameshaanza kuondoka, anakanyaga juu ya matuta kurudi kwa mkewe na chai yake. Siafu alingoja ageuke. Hakugeuka. Basi akachukua kigingi cha pili.