Nyumba Isiyo na Bati

Mama alikuwa na siku ya tatu kwenye friji ya hospitali, na ilikuwa bado haijajulikana atalazwa wapi. Alichokuwa ametaka si kikubwa: azikwe ubavuni mwa mumewe. Balaa ni kwamba mumewe amelala ndani ya hifadhi ya taifa, na huko mwanadamu haingii bila kibali, awe hai awe maiti.

Wanawe wawili wakaenda ofisi ya hifadhi: dada mtu, mwanamke asiyemung'unya maneno, na mdogo wake, mchora ramani mstaafu. Yeye alijua kilichomo kwenye makabati yale. Dada hakujua.

Karani wa kumbukumbu, binti mpole, aliwapa pole na kuwaeleza utaratibu. Kibali cha kuzika hupewa ukoo ambao makazi yake yanaonekana kwenye ramani ya kwanza, ile iliyotumika kuanzisha hifadhi. Akavaa glavu nyeupe, akaikunjua mezani.

Kijani kitupu. Mto, vilima, na katikati maneno yaliyoandikwa kwa mkono wa fundi: HAKUNA MAKAZI. Pembeni, sahihi.

Dada aliisoma sahihi mara mbili. Miaka yote mdogo wake alikuwa amewaambia nyumbani kwamba ramani ile waliichora wakubwa. Alipomgeukia, akamkuta anatazama sakafu.

Mdogo huyo ndiye aliyekuwa kijana wa kwanza wa bonde lile, kabla halijawa hifadhi, kupata kazi ya ofisi, na kichwa kilimvimba. Chumba cha kuchorea kilikuwa na sheria yake: nyumba ni ile yenye paa la bati, ya nyasi haichorwi, maana kesho haipo. Kwao, bonde zima halikuwa na bati hata moja. Akaletewa madaftari ya wapimaji, nyumba mia mbili na kumi na nne, naye akaziruka zote kwa mkono usiotetemeka, ya mama yake ikiwemo. Madaftari yakachomwa, kama ilivyokuwa desturi. Akasifiwa kwa usafi wa kazi. Mwaka uliofuata malori yalikwenda kuwahamisha watu ambao kwenye karatasi hawakuwepo. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu hata kula hakula. Aliwaachia wenzake sahani nzima.

"Niliichora mimi," akamwambia karani. "Watu walikuwepo. Andika hivyo."

Binti alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma. Akamjibu kwamba kumbukumbu haibadilishwi kwa mdomo, tena mdomo wa yule yule aliyeithibitisha kwa sahihi yake.

Mama alizikwa kesho yake kwenye makaburi ya manispaa, nyuma ya gereji, kati ya watu asiowajua. Mchora ramani alikuja na brashi na kopo la rangi nyeusi ili aandike kibao cha kaburi. Alikwisha kupiga magoti dada alipomshika mkono.

"Acha," alisema, bila kupandisha sauti. "Ataandika mtu mwingine. Wewe mama ulishamfuta."

Akampa brashi mchimba kaburi, ambaye mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita. Jina likatoka limepinda, herufi moja imesahaulika kisha ikapachikwa juu. Dada akalisoma mpaka mwisho, akaridhika.