Mlango ulio Nyuma ya Bi Asmahani

“YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUUZA MIHOGO,” Zuwena alichapa bila hata kutazama kioo cha kompyuta, maana barua hiyo alikuwa ameichapa mara nne tangu mwaka uanze, na mara zote nne kwa mwanamke huyohuyo. Mama Leticia alikuwa amekaa kwenye benchi la steshenari, mkoba mapajani, akiingojea printa ikohoe.

“Safari hii waandikie nimekwenda mara ngapi,” alisema. “Waandikie mpaka viatu vimeisha soli.”

“Viatu hatuviandiki, mama. Tukivitaja watadai na kibali cha viatu.”

Mama Leticia alicheka, akasahau kwa muda kwamba karatasi zimepanda bei tena na ukurasa mmoja sasa unakula faida ya sahani nzima ya mihogo. Kisha akainamia meza. “Na leo usiku mnatuletea nini?”

Swali hilo Zuwena alikuwa ameulizwa mara sita tangu asubuhi, na kila alipoulizwa alifurahi upya. Leo ilikuwa Ijumaa. Ijumaa saa nne usiku ndiyo saa ya Tanga Hailali, kipindi cha vichekesho cha runinga kilichorushwa mubashara kutoka chumba kimoja cha ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, hapohapo Usagara. Jina lenyewe lilikuwa kichekesho, kwa kuwa Tanga inalala sana. Ikifika saa tatu mji huu umeshafunga milango na kuzima jiko. Lakini wiki tano sasa watu walikuwa wanapiga miayo na kukaza macho, wanamngojea Bi Kesho.

Bi Kesho alikuwa Zuwena mwenyewe, amevaa miwani mikubwa na ushungi wa kijani. Alikuwa karani wa dirishani. Mtu akifika na shida yake, Bi Kesho anachukua chungwa la Muheza na kisu kidogo, anaanza kumenya ganda moja refu lisilokatika, na mpaka ganda lianguke mezani hamjibu mtu. Likianguka anainua uso na kusema, “Mtandao uko chini. Njoo kesho.” Basi. Hicho tu. Watoto wa shule walikuwa wanamenya machungwa hivyo barabarani, na hata kinyozi akikawia kidogo mteja humwambia amekuwa Bi Kesho.

Tatizo ni kwamba Bi Kesho hakutoka kichwani mwa Zuwena. Alitoka ng'ambo ya barabara, Ofisi ya Vibali, dirisha namba nne, na jina lake halisi ni Bi Asmahani. Miaka mitatu Zuwena alikuwa akimwona kutoka kwenye meza yake ya kuchapia, kisu na chungwa na yote. Na tangu usiku ule wa kwanza wa kipindi, hakuwa amevuka barabara ile tena. Barua aliwapa wateja wapeleke wenyewe. Jioni alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, akijificha kama aliyevunja kioo cha watu.

Simu iliita. Ilikuwa Bryson, kijana wa Lushoto aliyekiandika na kukiongoza kipindi.

“Dada Zuwena, tumebanwa. Imeletwa barua hapa kituoni. Eti hatuna kibali cha maonyesho ya umma. Tusipokipata leo kabla ofisi hazijafungwa, leo hatwendi hewani.”

“Twende wiki ijayo.”

“Hakuna wiki ijayo. Mwenye kituo kasema saa yetu ikiruka mara moja tu, anawapa wale wauza dawa za nguvu. Wanamsumbua kila siku.” Bryson alivuta pumzi. “Ofisi si hiyo iko mbele yako? Ni kuvuka tu.”

“Bryson, hapo mimi sivuki.”

“Basi tumekwisha.”

Zuwena alikata simu, akabaki anaangalia vidole vyake. Siku sita za wiki vidole hivyo viliandika shida za wenzake kwa heshima na taadhima. Ijumaa usiku aliruhusiwa kuzisema zilivyo, mbele ya kamera mbili, moja ikiwa na mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, bila nafasi ya kurudia kosa. Hakupenda kitu duniani kama ile dakika Bryson anapohesabu kwa vidole, tano, nne, tatu, na taa nyekundu inawaka. Kuikosa ilimuuma kabla hata hajaikosa.

Alichapa barua. Alipofika kwenye “kwa heshima na taadhima” alijikuta anaandika kwa niaba yake mwenyewe, akakasirika, lakini akayaacha maneno hayo.

“Twende, mama,” alimwambia Mama Leticia.

Barazani mwa Ofisi ya Vibali kulikuwa na foleni ya watu kumi na mmoja. Wa mwisho alimwona Zuwena, akamfinya wa mbele yake, na kicheko kikapanda foleni mpaka dirishani. “Bi Kesho kaja kumwona Bi Kesho,” alisema dereva mmoja wa bodaboda. Walimpisha wote akapita mbele. Si kwa wema. Hakuna aliyetaka tamasha hilo limpite.

Bi Asmahani alikuwa anamenya chungwa. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene wa mabega, wanja umekaa sawasawa.

“Shikamoo, Bi Asmahani.”

Ganda liliendelea kushuka. Nyuma ya Zuwena mtu alikuwa anaziba mdomo kwa kanga. Ganda likaanguka. Bi Asmahani akainua uso.

“Marahaba. Mtandao uko chini.”

Baraza zima lilipasuka kwa kicheko. Bi Asmahani hakucheka, wala hakununa. Alifuta kisu kwa leso, akasema, “Wewe binti, zunguka huku ndani,” na Zuwena akazunguka.

Chumba kilikuwa kidogo na chenye joto la kuchemsha yai. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Bi Asmahani alikifunua. Kilikuwa kioo peke yake. Waya wake ulining'inia chini, haukuunganishwa na kitu.

“Mashine yenyewe waliichukua kwenda kuitengeneza tangu Ramadhani ya mwaka juzi,” alisema. “Nikisema mtandao uko chini nasitiri ofisi. Nikisema hakuna mashine, nafukuzwa kwa kutoa siri. Kaa.”

Zuwena alikaa. Nyuma ya kiti cha Bi Asmahani kulikuwa na mlango wa kahawia, umebandikwa karatasi: USIINGIE BILA KUITWA. Kiyoyozi kilisikika kinanguruma upande wa pili, na maji yake yalipita kwenye mpira mdogo, yakadondoka kwenye ndoo huku upande wa joto.

“Hiyo ndoo namwaga mimi, mara tatu kwa siku,” alisema Bi Asmahani. “Baridi anapata mkuu.”

“Mkuu yumo?”

“Yumo. Na mhuri wa kukubali anao yeye. Barua zote hizi,” alionyesha marundo yaliyofika kiunoni, “nimempelekea. Anasema ziache nitaziona. Mimi nirudi dirishani niwaambie nini watu? Namenya chungwa.”

Zuwena alitaka kuomba radhi. “Bi Asmahani, kipindi kile… sikukusudia…”

“Ulikusudia. Wiki ya kwanza nililia, mjukuu wangu alipoanza kunimenyea machungwa mezani. Wiki ya pili nikacheka. Sasa Ijumaa nalala mchana ili usiku niweze kukesha.” Alichukua chungwa jingine, akampa na kisu. “Lakini kumenya hujui. Unakata nene. Ganda likiwa nene haliwi refu. Lalia kisu, hivi. Zungusha chungwa, usizungushe kisu.”

Basi Zuwena, aliyevuka barabara akidhani anakwenda kutukanwa, alijikuta anafundishwa kumenya. Ganda la tatu lilitoka jembamba, likafika magotini.

“Na lingine,” Bi Asmahani alisema polepole. “Unaonyesha dirisha tu. Mji mzima unacheka dirisha. Nyuma yangu kuna mlango, mwanangu. Huo hujauonyesha.”

Alichukua barua ya kipindi, na ya Mama Leticia aliyengoja dirishani, akagonga kwa kucha moja, akaingia. Hakukaa hata nusu dakika. “Kasema mje Jumatatu.”

Zuwena alifumba macho. Alipoyafumbua, Bi Asmahani alikuwa anafungua kidau cha wino. “Mhuri wangu mimi ni huu mmoja. IMEPOKELEWA. Hausemi ndiyo, hausemi hapana.” Akaugonga kwa nguvu kwenye nakala za barua zote mbili. “Mwonyeshe mwenye kituo. Watu wengi wanaona wino, hawasomi.”

Mwenye kituo aliona wino, hakusoma.

Bryson alipoambiwa habari za mlango alishika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kutembea mduara. Alichana maigizo mawili yaliyokuwa tayari. Mzee Mwinyijuma, kinyozi aliyekuwa akiigiza wateja wote wa Bi Kesho, alikwenda kwa fundi seremala wa mtaa wa nyuma, akarudi amebeba mlango mzima kichwani, umekwishapakwa rangi, na ahadi ya kuurudisha alfajiri bila mkwaruzo. Walikuwa na saa nne za kuandika, na walibishana kila mstari.

“Nani anafungua mlango?” Mwinyijuma aliuliza. “Nikigonga, anatoka nani?”

Hawakujua. Waliandika mpaka kwenye kugonga, wakakubaliana kwamba la mbele litajulikana hukohuko mbele. Zuwena hakuwa amewahi kuogopa hivyo, wala kufurahi hivyo.

Saa nne usiku viti thelathini vya plastiki vilikuwa vimejaa na wengine wamekaa sakafuni. Mama Leticia alikuwa mstari wa mbele. Bryson akahesabu. Taa ikawaka.

Bi Kesho alichukua chungwa. Aliliinamisha, akalalia kisu, akazungusha. Ganda lilishuka jembamba, likapita ukingo wa meza, likaendelea, na ukumbi ukaanza kulisindikiza kwa makofi, kila mzunguko kofi moja, mpaka likagusa sakafu bila kukatika. Kelele zilizopigwa ziliamsha kuku wa jirani. Zuwena alihisi anaweza kuruka juu ya paa la soko.

“Mtandao uko chini,” alisema, na akangoja kicheko kiishe. “Njoo kesho.”

“Nimekuja kesho mara nne,” alisema Mwinyijuma.

“Babu, unanigombeza mimi bure. Mimi ni dirisha. Mwenye mhuri yuko nyuma yangu.” Alisogeza kiti. “Mlango huo umewahi kuugonga?”

Mzee Mwinyijuma aliutazama mlango wa seremala. Aliivuta kofia yake ikakaa vizuri, akatembea hatua tano, akainua ngumi.

Taa nyekundu ikazimika.

Kwenye runinga ndogo ya pembeni, pale alipokuwa Mwinyijuma palikuja nembo ya kituo na muziki wa kinanda. Mwenye kituo alikuwa amesimama karibu na nyaya, simu sikioni, anasema ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, tumekosea mkuu. Mwinyijuma hakuwa ameona. Aligonga. Watu thelathini na zaidi wakausikia mlango ule ukigongwa, na mji mzima haukusikia.

Jumamosi na Jumapili Tanga ilizungumza jambo moja. Sokoni, kwenye vijiwe vya kahawa, nje ya kanisa, watu walibishana nyuma ya mlango kulikuwa na nani. Wengine waliapa wamemwona. Jumapili usiku Bryson alituma ujumbe mfupi: kipindi kimefutwa, saa ya Ijumaa wamepewa wauza dawa. Zuwena aliusoma mara tatu, akalia kwa hasira, kisha akalala, maana asubuhi kuna kazi.

Jumatatu alifungua steshenari kama kawaida. Mteja wa kwanza alitaka barua ya kibali cha kuuza mkaa. Zuwena alikuwa hajafika nusu alipoona ng'ambo foleni imekaa vibaya. Watu hawakuelekea dirishani. Aliiacha barua ikimeta kwenye kioo, akavuka.

Mama Leticia alikuwa ametoka kwenye mstari, amezunguka ndani, amesimama mbele ya meza ya Bi Asmahani, barua yenye mhuri mkononi. Nyuma yake walikuwa wameingia wengine watano, na baraza zima lilichungulia dirishani.

Bi Asmahani alikuwa anamenya. Ganda likaanguka. Aliinua uso, akamwona Zuwena nyuma ya vichwa vya watu.

“La Ijumaa lilikuwa jembamba,” alimwambia.

Kisha alisimama, akasogeza kiti chake mpaka ukutani, na kuihamisha ile ndoo ya maji isije ikamwagwa na miguu ya watu. Mama Leticia akapita. Karatasi ya USIINGIE ilikuwa usawa wa macho yake, akaisoma yote, akagonga mara tatu.

Kiyoyozi kilinguruma. Sauti ikauliza kutoka ndani ni nani, nani kaitwa.

Mama Leticia aligonga tena.